Kung'oa, kutibu mzizi au kuweka jino bandia: ulinganisho kwa aliyeko Dodoma na mikoa ya jirani

Mtu akifika chumba cha meno shavu limevimba, amekesha usiku kucha, katoka Mpwapwa au Bahi na basi la alfajiri, neno lake la kwanza huwa hilohilo: "Daktari, ling'oe tu." Anataka maumivu yaishe leo na arudi nyumbani leo. Ombi hilo lina maana, na mara nyingine ndilo jibu sahihi. Shida ni kwamba uamuzi wa kung'oa hauishii pale kwenye kiti. Nyuma yake linakuja swali la pili, la pengo, na nyuma ya pengo kuna gharama ambayo watu wengi hawakuihesabu walipokuwa na maumivu. Ndiyo maana nazilinganisha njia hizi kwa mfululizo, kuanzia jino lenye tundu hadi pengo lililobaki.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama fedha ni kidogo, ziende kwanza kwenye jino ulilo nalo, hasa gego linalokutana na mwenzake wa juu au wa chini, kabla ya kwenda kwenye jino ambalo halipo tena. Na kabla hujauliza "tiba ipi?", uliza "jino lipi?"

Tundu dogo: kuziba leo au kusubiri liume

Hapa sina mengi ya kupima. Jino linaloshtuka ukinywa maji baridi au ukila kitu kitamu, kisha likatulia lenyewe baada ya sekunde chache, kwa kawaida bado lina uhai ndani. Kuziba tundu kama hilo ni ziara moja, na hakuna tiba ya kuokoa jino iliyo rahisi kuliko hiyo. Ukisubiri mpaka lianze kupwita usiku, umehama kutoka kwenye kuziba na kuingia kwenye kutibu mzizi au kung'oa.

Wanaoishi mbali na mji wasikubali kuambiwa kwamba bila mashine na umeme hakuna kuziba. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza njia ya kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono na kujaza tundu kwa saruji ya glasi ayonoma, mara nyingi hata bila sindano ya ganzi. Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka 1994, leo inatumika nchi nyingi. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi ambayo hupakwa kwenye tundu na kusimamisha uozo. Hiyo ya kupaka inaacha sehemu iliyooza ikiwa nyeusi moja kwa moja. Kwenye gego la mtoto wa darasa la pili si tatizo. Kwenye jino la mbele mzazi aambiwe kabla, si baada.

Jino linalouma: kung'oa au kutibu mzizi

Huu ndio uamuzi mzito, na ndio hufanywa kwa haraka kuliko yote.

Kwanza tuondoe jambo moja linalopotosha watu wengi. Jino likiuma wiki mbili kisha likanyamaza, wengi hushukuru Mungu na kuahirisha safari ya hospitali. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mshipa wa ndani umekufa. Vijidudu vimebaki mle ndani, vinashuka taratibu hadi kwenye ncha ya mzizi, na baada ya miezi unatokea uvimbe au kipele kidogo kwenye fizi kinachotoa usaha. Vidonge vya antibiotiki vya dukani vinaweza kushusha uvimbe kwa siku kadhaa, lakini havifiki ndani ya jino lililokufa kwa sababu damu haipiti tena humo. Kwa hiyo mwenye jino lililonyamaza naye yumo kwenye ulinganisho huu.

Kung'oa: ganzi, dakika chache, unauma pamba, unaondoka. Ni huduma inayopatikana karibu kila mahali penye tabibu wa meno, ikiwemo hospitali nyingi za wilaya, na gharama yake ni ndogo kuliko njia yoyote ya kuokoa jino lililofikia hatua hiyo. Siku hiyo usisukutue kwa nguvu, usiteme mate kila mara, usivute sigara, usinywe kwa mrija. Lile donge la damu ndilo linaloponya kidonda. Likitoka, siku ya tatu au ya nne utapata maumivu yanayozidi yale ya mwanzo, na hapo rudi hospitali usijitibu mwenyewe.

Kutibu mzizi: daktari anakutia ganzi, anatoboa juu ya jino, anautoa mshipa uliokufa au unaokufa, anasafisha mifereji ya mizizi kwa vijisindano vyembamba vyenye meno na dawa ya kuosha, anapiga picha ya mionzi kuhakikisha amefika mwisho wa mzizi, kisha anajaza mifereji kwa kitu laini mfano wa mpira na kulifunga jino. Gego la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu, wakati mwingine minne, hivyo linachukua muda mrefu kuliko jino la mbele ambalo lina mmoja. Ziara huwa moja hadi tatu. Kwa mtu wa Kondoa hizo ni nauli mara tatu na siku tatu bila kazi, na hilo ni sehemu ya bei hata kama halimo kwenye risiti.

Je, inadumu? Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulifuatilia zaidi ya meno milioni 1.4 yaliyotibiwa mzizi, na baada ya miaka 8 asilimia 97 yalikuwa bado kinywani. Ndani ya utafiti huohuo kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hiyo asilimia 97: katika yale machache yaliyoishia kung'olewa, asilimia 85 hayakuwa yamevalishwa kofia, yaani ganda gumu linalofunika jino lote. Jino lililotibiwa mzizi hubaki na kuta nyembamba. Gego la namna hiyo likiachwa na kizibo tu, mfupa mmoja kwenye nyama ya mbuzi unaweza kulipasua hadi mizizini. Basi ukiulizia bei ya kutibu mzizi wa gego, ulizia papo hapo na bei ya kofia, na uzijumlishe. Ukiambiwa bei ya kwanza peke yake unakuwa umelinganisha kung'oa na nusu ya tiba.

Kung'oa ndilo jibu pale mzizi ulipopasuka kwa urefu, pale jino lililobaki juu ya fizi halitoshi kushika kitu, pale linapocheza kwa sababu mfupa unaolishika umeliwa na ugonjwa wa fizi, na mara nyingi kwa gego la mwisho kabisa linalosumbua na halina mwenzake wa kukutana naye. Katika hali hizo usishawishiwe kutumia fedha nyingi kuokoa kisichookoka. Kwa gego la kwanza au la pili ambalo bado lina kuta na mfupa, mimi ningekopa nauli.

Halafu kuna wanaotaka kung'oa meno mazima. Singida, Manyara na maeneo mengine ya ukanda wa Bonde la Ufa yana visima vyenye floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokulia kwenye maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Rangi hiyo inawaumiza vijana moyoni, najua. Lakini jino lenye madoa halijaoza, na kulitoa ili uweke bandia ni hasara tupu. Madoa yanaweza kupunguzwa au kufunikwa na daktari huku mzizi wako ukibaki. Na kwa mtoto mchanga anayeharisha au mwenye homa, yale yanayoitwa "meno ya plastiki" ni vichwa vya meno yake ya kawaida yanayosubiri kuota. Kuyachokonoa kunaleta damu, maambukizi na kuharibu meno ya ukubwani yaliyo chini yake. Hapo hakuna cha kulinganisha. Mpeleke mtoto zahanati atibiwe homa.

Pengo: kuliacha au kulijaza

Watu wengi hudhani kila pengo lazima lijazwe, na wapo wanaouza meno bandia wasiopenda kuwarekebisha. Tafiti zinasema vingine, na sehemu ya tafiti hizo ilifanywa kwetu.

Mwaka 1981 Mholanzi Arnd Käyser wa Chuo Kikuu cha Nijmegen alieleza kwamba mtu mzima anaweza kuishi vizuri na safu ya meno iliyofupishwa, yaani bila baadhi ya magego ya nyuma. Paulo Sarita wa Muhimbili na wenzake wa Nijmegen wakalipima wazo hilo kwa mamia ya watu wazima wa Tanzania, matokeo yakatoka mwaka 2003. Waliokuwa na magego madogo yote pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walitafuna vya kutosha. Waliobakiwa na jozi mbili au pungufu za magego madogo peke yake walipata shida ya kweli, hasa kwa vyakula vigumu, na ni kwa hao ndipo dalili za safu kuyumba zilipojitokeza. Nauthamini utafiti huu kwa sababu watu waliopimwa wanakula kama sisi: ugali, nyama, karanga, mahindi ya kuchoma.

Kujipima si kazi. Simama mbele ya kioo, funga meno kama unavyotafuna, vuta shavu kwa kidole. Nyuma ya chonge hesabu magego madogo mawili, kisha makubwa. Hesabu jozi tu, la juu linalogusa la chini. Jino lisilo na mwenzake usilihesabu. Fanya kulia na kushoto. Ukiwa na jozi nne za magego madogo na angalau moja ya makubwa, pengo lako la nyuma linaweza kusubiri hata miaka. Kwa jumla, Shirika la Afya Duniani limetumia meno 20 ya asili kama kipimo cha kinywa kinachofanya kazi, na Wajapani tangu mwaka 1989 wana kampeni ya kumfikisha mtu umri wa miaka 80 akiwa na meno 20.

Pengo la mbele lina hesabu yake. Kutafuna hakuathiriki sana, ila mtu anaziba mdomo akicheka na hataki kuzungumza kwenye kikao. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Ugogo waliandika kwamba Wagogo walitambulika kwa kukosa meno mawili ya mbele ya chini, yaliyotolewa kimila. Pengo lilelile lilikuwa alama ya kujivunia. Leo kijana wa Area C halioni hivyo, na haja yake ni ya haki. Asiambiwe kwamba ni mapambo tu.

Kuacha pengo kuna gharama yake pia. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2003 kwamba upana wa mfupa pale lilipong'olewa jino hupungua kwa takriban nusu ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya kupungua huko hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Ukijua kwamba baadaye utataka kipandikizi, yaani jino bandia linaloshikiliwa na skurubu ndani ya mfupa, mwambie daktari kabla ya kung'oa, sio baada ya miaka mitano.

Ukiamua kujaza: ya kuvaa na kuvua, daraja, au kipandikizi

Meno ya kuvaa na kuvua ndiyo ya bei nafuu na ndiyo yanayopatikana kwa wepesi. Yanatengenezwa kwa akriliki ya rangi ya fizi, mengine yana vikulabu vya waya vya kushikia meno ya jirani. Utapigwa chapa ya taya kwa ute unaoganda mdomoni, utajaribishwa, kisha utakabidhiwa. Yanafaa kwa mapengo mengi yaliyotawanyika, kwa asiyetaka kukatwa meno mazima, na kwa asiye na uwezo wa kulipa zaidi. Udhaifu wake ni kwamba yanakaa juu ya fizi, na mfupa chini yake unaendelea kupungua, kwa hiyo baada ya miaka michache yanalegea na yanahitaji kujazwa upande wa ndani. Yavue usiku, yaoshe kwa mswaki na sabuni ya kawaida kwa maji yasiyo ya moto. Dawa ya meno huyakwaruza na maji ya moto huyapinda. Anayelala nayo na hayaoshi hupata fangasi kwenye kaakaa na meno ya jirani kuoza, halafu lawama inaangukia meno bandia.

Daraja limegandishwa, huvui. Daktari anayakata meno mawili ya pembeni ya pengo na kuyavalisha kofia zilizounganishwa na jino la katikati. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba takriban asilimia 89 ya madaraja ya kawaida huwa bado yapo baada ya miaka 10. Cha kuangalia ni majirani. Kama tayari yana vizibo vikubwa na yangehitaji kofia hata hivyo, daraja ni chaguo zuri sana. Kama ni mazima, unayapunguza meno mawili yenye afya kwa ajili ya moja lisilokuwepo, na mimi sipendi biashara hiyo, hasa kwa mtu wa miaka 25.

Kipandikizi ni skurubu ya titani inayozamishwa kwenye mfupa, mfupa ukaishika, kisha jino likafungwa juu yake. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua kwamba mfupa hushikamana na titani, na mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965. Ukipita mwaka wa 10, takriban asilimia 96 ya vipandikizi huwa bado vipo. Havigusi meno ya jirani na haviozi. Lakini namba hizo nzuri zimetoka zaidi kwa wagonjwa wanaorudi kusafishwa na kukaguliwa mara kwa mara. Fizi inayozunguka kipandikizi inaugua kama fizi nyingine, na mvutaji sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kukipoteza. Ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote, inataka upasuaji, picha nzuri za mfupa na kusubiri miezi mitatu hadi sita. Kwa mtu wa Kanda ya Kati maana yake ni kuja Dodoma mjini mara kadhaa, au hata kwenda Dar es Salaam.

Nani achague nini? Nichukue mifano mitatu.

Mwalimu wa Kongwa, miaka 38, gego la kwanza la chini linamuuma usiku, mengine yote yapo. Atibu mzizi na kuweka kofia, hata ikibidi avae kizibo cha muda miezi miwili akikusanya fedha ya kofia na kutafunia upande wa pili. Akishindwa kabisa, ang'oe na aliache pengo. Jozi zilizobaki zinamtosha. Asing'oe leo halafu akope kesho kununua daraja.

Bibi wa Chamwino hana jino hata moja. Duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, hali hiyo inawapata takriban asilimia 23 ya waliofikisha miaka 60. Meno yake ya juu ya kuvaa yatakaa vizuri kwa sababu kaakaa linayafyonza. Ya chini yatacheza, na mjukuu anayempeleka amwambie mapema: "Bibi, ya chini yatakusumbua wiki za mwanzo, tutarudi yakarekebishwe, usiyaweke kabatini." Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walisema taya la chini lisilo na meno lifungwe vipandikizi viwili vya kushikilia meno ya kuvaa. Kama familia ina fedha ya vipandikizi viwili tu maishani, hapo ndipo pa kuvitumia. Bila hivyo, seti nzuri iliyorekebishwa mara mbili tatu itamrudishia ugali wake na mlenda, na nyama ikikatwa ndogo.

Dereva wa bodaboda wa Nkuhungu, miaka 23, amepoteza jino moja la mbele kwenye ajali, la kushoto na la kulia kwake ni mazima. Leo avae la akriliki lenye jino moja, ni rahisi na atacheka. Asikubali majirani wakatwe kwa ajili ya daraja la kawaida. Aulize kama panapatikana daraja la kubandikwa kwa gundi nyuma ya jino la jirani, ambalo hukwangua kidogo sana. Kipandikizi kinaweza kuja baadaye, akiwa ameacha sigara na ana akiba. Habari za Japani anazoziona kwenye simu, za dawa ya kuotesha meno, ni za kweli kwa maana kwamba majaribio kwa binadamu yalianza hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 2024, lakini yalianza kwa kupima usalama tu, na watafiti wenyewe walitaja 2030 kama lengo, wakianza na waliozaliwa na upungufu wa meno.

Siku atakayowekewa kipandikizi, aombe kadi iliyoandikwa jina la kampuni iliyokitengeneza, kipenyo na urefu wake, na aipige picha. Kila kampuni ina skurubu na bisibisi zake. Skurubu ikilegea miaka sita baadaye na aliyemhudumia kahamia Mwanza, daktari mwingine ataikaza kwa dakika tano kama anajua ni ya nani. Asipojua, atalazimika kutoboa kofia nzima akitafuta.